Sarafu ya Kisu cha Babu

"Dada mwenye mwavuli wa njano! Mwambie mgeni wako uyoga haubonyezwi kama tairi la baiskeli!"

Clémence aligeuka. Jumamosi ile soko la Capucins, mjini Bordeaux, lilifurika watu, na watalii wake tisa walikuwa wametawanyika kama vifaranga, kila mmoja akifuata pua yake. Mzee mmoja kutoka Denmark alikuwa amekamata uyoga mnene wa kahawia, anaubinya kwa furaha. Nyuma ya meza alisimama kijana mrefu, sweta lake la buluu limetoboka kiwikoni. Mdomo ulikuwa umenuna, lakini macho yalicheka.

"Ataununua, kaka, usijali."

"Basi abinye na mwingine."

Clémence akaunusa ule uyoga. Ulinukia udongo wa mvua. "Unauokota wapi?"

Kijana akapasuka kicheko. "Kweli wewe ni wa mjini! Kwetu Périgord, kuliko kumuuliza mtu swali hilo, heri umuulize amevaa chupi rangi gani."

"Na umevaa rangi gani?"

Lilimtoka kabla hajalizuia. Kijana, jina lake Bastien, akawa mwekundu hadi masikioni. Yule mzee wa Denmark, ambaye hakuelewa neno, akapiga makofi.

Ndivyo ilivyoanza. Kufikia majira ya kuchipua, ziara za Clémence zilikuwa zimeongezewa kituo. Basi lilitoka Bordeaux Jumamosi, likapita kwa wakamuaji wa mvinyo na kwa mama wa jibini ya mbuzi, na Jumapili mchana likaishia shambani kwa Bastien, ambako bibi yake, Yvonne, aliyemlea tangu utotoni, aliwapikia wageni. Siku za katikati zilikuwa za simu.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Mkate na jibini."

"Hicho si chakula, hicho ni kilio. Njoo nikupikie."

"Nina kazi, Bastien."

"Nami nina bata bukini arobaini wanaokuulizia."

Septemba, baada ya mvua ya kwanza, Bastien alimshika mkono akamwingiza msituni. Walivuka kijito, wakapanda kilima, wakafika chini ya mialoni mitatu iliyoinamiana. Uyoga ulikuwa umejaa pale kama mikate iliyotoka tanuri.

"Babu alinionyesha mwezi mmoja kabla hajafa," alisema kwa sauti ya chini. "Akanipa na kisu hiki. Nikamlipa sarafu moja, maana kisu cha bure hukata mapenzi. Akaniapisha nisimwambie mtu, hata bibi. Sasa duniani tuko wawili tu tunaopajua. Mimi na wewe."

Neno "nakupenda" Bastien alilisema kila siku, hata kwa bata. Hili lilikuwa zito zaidi.

Siku kumi baadaye, Ijumaa, simu ililia akiwa ndani ya tramu.

"Umewapeleka." Sauti ya Bastien ilikuwa kavu.

"Nani? Wapi?"

"Watalii wako. Nimetoka kule sasa hivi. Uyoga haujabaki hata mmoja."

"Bastien, sijamwambia mtu yeyote."

"Basi ni nani? Tuko wawili tu, Clémence."

"Kwa hiyo umeshanihukumu."

Alisikia bata wakigombana upande wa pili.

"Jumapili nitawaleta wageni, kwa sababu wameahidiwa chakula," alisema. "Baada ya hapo hutaniona tena." Akakata, akalia mpaka akapitiliza kituo chake.

Jumapili alivaa lile koti jekundu alilolinunua ili Bastien amsifie. Alilivaa kwa hasira, vifungo vyote. Wageni wanane waliketi kwenye meza ndefu. Bastien alimimina supu bila kumtazama, nyingine ikamwagika kitambaani.

Kisha Bibi Yvonne akaingia na kikaango kipana kama gurudumu, na harufu ikamtangulia: mayai, vitunguu saumu, mafuta ya bata, na uyoga. Uyoga tele.

Bastien akasimama na bakuli mkononi. "Bibi, huu umeutoa wapi?"

"Mtoto mwenye adabu haulizi hivyo mezani."

Clémence akaweka uma chini. "Bastien. Mwizi wako alikata au aling'oa?"

"Alikata," alijibu polepole. "Akafunika vishina kwa majani."

"Watalii wangu hawawezi hata kukata mkate. Nani anafunika vishina ila mwokotaji wa siku nyingi, ili mahali pasijulikane?"

Wote wakamgeukia bibi. Bibi Yvonne akapangusa mikono kwenye aproni, akakaa.

"Mwaka wa pili wa ndoa yetu," alisema, "babu yako alikuwa anatoroka alfajiri. Nikajua ana mwanamke. Nikamfuata na mpini wa jembe. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya uyoga, anauongelesha. Nikarudi kitandani, nikanyamaza miaka hamsini. Alikuwa anafurahi sana kunificha, maskini. Huwa naokota mmoja mmoja. Juzi nilisikia wageni ni wanane, nikazidisha."

Meza nzima ikaangua kicheko. Clémence hakucheka. Alichukua mwavuli wake, akatoka.

Bastien alimkuta mlangoni mwa basi.

"Nimekosa, Clémence."

"Hukuniuliza hata swali moja. Ulinipa siri, kisha ukakaa kunisubiri niiuze."

"Ni kweli." Hakujitetea. Alitia mkono mfukoni, akatoa kile kisu cha kukunja, mpini wake umelika kwa vidole vya wanaume wawili. "Chukua. Siku nyingine uende peke yako, uokote wewe, mimi nikusubiri nyumbani. Maisha yote, kama utanikubali."

Clémence alikitazama kisu mkononi mwa Bastien. Angeweza kukishika hivihivi, bure, na mambo yakaishia pale, naye Bastien alilijua hilo. Ndani ya nyumba vijiko vilinyamaza. Nyuso tisa zilijaa dirishani.

Akafungua mkoba. Akatoa kitana, tiketi za tramu, kalamu isiyoandika. Bastien akachungulia mkobani.

"Subiri basi," alisema, machozi yakimchanganyikia na kicheko. "Nina hakika nilikuwa na sarafu humu."

Akaipata chini kabisa, imenatana na peremende. Akachukua kisu, akaiweka sarafu kiganjani mwa Bastien, akakifumba kwa mikono yake miwili.

"Alhamisi kukinyesha," Bibi Yvonne alipaza sauti dirishani, "twende watatu!"