Nishikie Nafasi Yangu

Foleni ilikuwa imekwisha, lakini Wilf Haxby alikataa kutoka ndani yake.

Mkewe, Noreen, alikuwa ameshapata tiketi mbili za kupanda mnara wa kanisa kuu la Lincoln. Za siku ile ya Ijumaa zilikuwa zimekwisha, hivyo akapewa za kesho yake saa tano asubuhi. Watu walitawanyika, karani akafunga kidirisha chake, na yule mzee akabaki peke yake katikati ya sakafu ya mawe, mikono mgongoni, akitazama mbele.

"Twende tukanywe chai, we mzee. Unamsubiri nani?"

"Kidogo tu, mpenzi. Nimemshikia mama mmoja nafasi yake."

"Mama gani?"

"Si huyo aliyekuwa mbele yangu? Mwenye shali iliyolowa. Kaniomba nimshikie nafasi, nikamwambia haya."

Noreen alikuwa amesimama ubavuni mwake muda wote, na mbele yao palikuwa na mwanamume mmoja mwenye kamera, basi. Shali hakuiona. Na ingelowaje, wakati mvua haikunyesha wiki nzima? Alichokipata ni harufu tu, ya udongo mbichi na mshumaa uliozimwa sasa hivi. Akacheka. Wilf alifanya kazi miaka thelathini na minane kwenye banda la kukaushia samaki kule Grimsby, na wenzake walikuwa na msemo wao: ukimkanyaga Wilf, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Mtu kama huyo anaweza kuwashikia nafasi hata watu wasiokuwepo.

Kengele ya mnara ikalia saa tisa. Wilf akapiga hatua moja mbele, hatua fupi ya mtu wa foleni, akasimama tena.

"Tumebaki ishirini," alisema.

Mkahawani alikataa kukaa. Chai yake ikapoa mezani huku amesimama wima karibu na kiti, uso umeelekea kanisani, na wateja wakaanza kumtazama kwa pembe ya jicho. Noreen aliona haya kabla hajaona hofu.

"Wilf, kaa chini. Unatuaibisha."

"Nikikaa nitapoteza nafasi ya yule mama. Na nilishamwahidi." Alimnong'oneza kwa uso mwekundu, maskini, kama kwamba kosa ni lake. "Foleni haikubaki kule kanisani, Noreen. Imekuja nami. Nawaona migongo yao tu. Wote wamelowa."

Basi hapo Noreen akaacha kucheka. Miezi mitatu kabla ya siku hiyo Wilf alipasuliwa kifua, na Noreen alikaa muda wa saa kumi na moja kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha upasuaji, akimwomba Mungu ambaye hakuwa amesema naye tangu harusi. Hii ndiyo ilikuwa safari yao ya kwanza tangu siku ile: siku mbili za kutazama mji wa kale, kupanda mnara, kula keki, kurudi nyumbani. Alikuwa na haja moja tu duniani, nayo ni kurudi Grimsby na mume aliye hai.

Walipofika kwenye nyumba ya wageni ya Bi. Cutforth, karibu na kanisa, juu kabisa ya kilima kinachokata pumzi, giza lilikuwa limeshaingia, maana mwezi wa Novemba mchana ni mfupi. Bi. Cutforth, mjane mnene mwenye maneno mengi, aliwafungulia mlango akatazama nyuma yao.

"Na mwenzenu haingii?"

"Tuko wawili tu," Noreen alisema.

"Oh. Samahani, mpenzi. Niliona kama..." Akawapeleka chumbani.

Wilf akasimama karibu na kabati, uso ukutani. Noreen alivua viatu akajilaza kidogo, ameugeukia mlango, ili apate kufikiri. Kengele ikalia saa kumi na moja, akasikia ile hatua fupi kwenye zulia, na sauti ya mumewe ikihesabu taratibu, "Kumi na wanane." Halafu godoro likashuka nyuma yake. Likashuka pole pole, kama anavyojilaza mtu mzima anayejali asimwamshe mwenzake, na harufu ya udongo ikajaa chumba, na kitu cha baridi kikaugusa mgongo wake, na Noreen, ambaye alikuwa akiona kwenye kioo cha mlangoni kwamba mumewe bado amesimama pale kabatini, aliwaza kwa akili iliyotulia ajabu kwamba kama Wilf yuko kule basi huyu anayevuta blanketi upande wake, anayepumua kwa kukoroma kidogo, anayejinyoosha kwa raha ya mtu ambaye hajaonja kitanda kwa miaka isiyohesabika, si mtu.

Hakupiga kelele. Alitoka kitandani kama alivyo, akamshika Wilf mkono, wakatoka, yeye akiwa na soksi tu.

Walishuka kilima kuelekea stesheni. Hawakufika hata nusu ya njia. Wilf alianguka mbele ya duka la vitabu, midomo ya bluu, mkono kifuani. Noreen alimburuta kurudi juu, akilia, akimtukana, na kila walipopanda ndivyo pumzi yake ilivyorudi. Kitandani palikuwa patupu, shuka limelowa. Daktari wa zamu alikuja, akapima, akasema moyo wa mzee unapiga vizuri kuliko wa kwake, huenda ni uchovu wa safari. Akamwandikia vidonge vya usingizi. Vya Noreen, si vya Wilf.

Kasisi ndiye aliyemwamini. Mchungaji Thora Lindley alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwenye mafua, aliyepewa na askofu kazi ambayo kanisa halipendi kuitangaza. Bi. Cutforth ndiye aliyempigia simu. Kasisi alikaa na Wilf usiku wote, akasoma zaburi, akamnyunyizia maji, akaamuru kwa jina la Kristo. Kengele ilipolia, mzee akasogea hatua. Zaburi nyingine, hatua nyingine. Kufikia saa mbili asubuhi Mchungaji Lindley alikuwa hana sauti.

"Tumebaki watatu," alisema Wilf. "Kuna mlango mdogo mbele yetu. Anaingia mmoja mmoja."

Kasisi alimvuta Noreen koridoni.

"Huyo mama nimewahi kumsikia. Kila baada ya miaka kadhaa anatoroka zamu yake kwenye foleni ya wafu, akamwachia mtu aliye hai. Siwezi kumtoa kwa sababu hakuingia kwa nguvu. Mumeo alikubali kwa kinywa chake."

"Nipe mimi hiyo nafasi. Niambie inafanywaje."

"Anayeishika ndiye wa kuikabidhi, na anayepokea lazima akubali. Mimi mwenyewe nimemwomba anipe. Hataki. Muulize wewe."

Noreen alirudi chumbani akapiga magoti. "Wilf. Nipe nafasi."

"Kwako wewe?" Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana kumwona akikasirika. "Nimeishi na wewe miaka arobaini, nije nikuweke kwenye foleni ya wafu? Ondoka hapo, mama watoto. Usinifanye nijichukie."

Mchungaji Lindley alimshika Noreen bega. "Nakuomba usifikirie kumpa mtu mwingine," alisema kwa sauti yake iliyokauka. "Tutamtafuta mwenyewe arudi. Bado tuna muda wa saa tatu kabla zamu haijamfikia." Akatoka kwenda kumtafuta kwenye makaburi ya nyuma ya kanisa.

Lakini Noreen alikuwa ameshafikiria.

Saa nne ilipolia walikuwa ndani ya kanisa kuu, kwa kuwa miguu ya Wilf ilijipeleka yenyewe. Alisimama karibu na nguzo, mbele ya ukuta mtupu wa mawe. Sasa amebaki yeye peke yake. Midomo imeanza tena ile bluu, mikono baridi kama samaki wa barafu, na Noreen akiisugua, akiisugua, akijua haipati joto. Kasisi hakurudi. Saa nne na nusu. Saa nne na dakika arobaini.

"Samahani. Hii ndiyo foleni ya mnara?"

Alikuwa mwanamke wa umri wao, peke yake, mwenye koti la kijani na viatu vya kutembelea. Amemwona mtu amesimama akitazama mbele, naye, kama ambavyo yeyote katika nchi ile angefanya, akaja kusimama nyuma yake.

Noreen alitazama ukuta. Alitazama uso wa mumewe.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo hii."

"Ah, afadhali. Nilidhani nimechelewa." Mwanamke akatoa pipi za mnanaa mfukoni, akawapa wote wawili. Jina lake Marian Tebb, mwalimu mstaafu kutoka Worksop. Bintiye angekuja kumchukua jioni. "Mzee wako ana baridi, mpenzi. Mfunge hii." Akavua skafu yake mwenyewe akamzungushia Wilf shingoni.

Noreen alitamani mwanamke yule angekuwa mkali, au mchoyo, au angalau asiwe ametaja binti. Alimsogelea mumewe sikioni.

"Wilf, twende msalani, mara moja tu."

"Na nafasi?"

"Mwombe huyu mama akushikie. Utarudi."

Wilf alisita. Alikuwa amechoka mno hata hakuweza kushuku, na katika miaka arobaini mkewe hakuwahi kumdanganya katika jambo kubwa. Akageuka, akainamisha kichwa kwa adabu yake ile ile.

"Samahani, mama. Ungenishikia nafasi yangu, dakika mbili tu?"

"Bila shaka, mpenzi," alisema Marian Tebb. "Nenda zako, nipo."

Damu ilipanda usoni mwa Wilf pale pale. Noreen hakuiacha ipande yote. Alimshika mkono akamtoa kwa mlango wa magharibi, akamshusha kilima karibu kwa kukimbia, naye Wilf akishangaa jinsi miguu ilivyokuwa myepesi, akiuliza mizigo iko wapi, msalani ni wapi, mbona wanaelekea stesheni. Mbele ya duka la vitabu kengele ya saa tano ikaanza kulia juu yao. Noreen alihesabu mapigo yote kumi na moja bila kugeuza shingo. Baada ya lile la mwisho alisikia, au alidhani amesikia, mlango mdogo ukifungwa.

Ndani ya treni Wilf alikaa. Alikaa chini kabisa, akanyoosha miguu, akala mkate wa yai na nyama, akanywa chai ya moto mpaka mwisho. Mashamba tambarare yakapita dirishani. Mkono wake mkononi mwa Noreen ulikuwa na joto, joto la kweli la mtu aliye hai, na Noreen aliushika kwa nguvu hata ukamuuma.

"Yule mama," Wilf alisema ghafla. "Nilimwambia dakika mbili. Ulimwambia kwamba sirudi?"

"Nilimwambia."

"Alikasirika?"

"Hapana. Alisema tusijali."

Wilf akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akajifunika vizuri ile skafu aliyosahau kuirudisha. "Wema hauozi," alisema, akafumba macho.

Noreen alimtazama akilala mpaka Grimsby. Alilia njia nzima, bila sauti, asimwamshe. Na alijua, kwa hofu iliyozidi hofu zote za siku mbili zile, kwamba angerudishwa mbele ya ukuta ule na kuulizwa tena na mwanamke yule yule, angejibu vilevile.