Kilichomwangusha Nyamai

Wayua huuza vinywaji katika baa moja pale Salama. Jumamosi hufungua saa nane mchana. Hupangusa kaunta, hupanga chupa, halafu husubiri maneno ya wateja. Na maneno hayakosekani. Wakiwa mbele yake humwita mrembo. Wakitoka nje humwita mwizi. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Jumamosi moja mzee Nyamai, mnunuzi wa maembe, aliketi hapo kaunta. Alikunywa bia mbili. Alipoanza ya tatu jasho lilimtoka, mikono ikatetemeka, akasema maneno yasiyoeleweka. Kisha akaanguka.

"Amewekewa mchele!" Ndululu, fundi wa pikipiki, akapiga kelele. Mchele ni jina la dawa ambayo wezi hutia kwenye kinywaji ili mtu alale, wamwibie.

Watu wote wakamgeukia Wayua.

"Umemwekea nini huyu mzee?"

"Mimi? Si nimemfungulia chupa tu!"

"Uliifungulia wapi? Mimi sikuona," Ndululu akasema. "Leteni maziwa! Maziwa huua sumu."

Alikuwa ameshainua kichwa cha Nyamai, kikombe kiko mkononi. Ndipo Sista Hasina akaingia mbio. Yeye ni muuguzi, na nyumba yake iko nyuma ya baa.

"Weka hicho kikombe chini! Mtu aliyezimia hamezi. Maziwa yataingia kwenye mapafu, umuue wewe mwenyewe."

Akamlaza Nyamai kwa ubavu. Wakampeleka hospitali kwa gari lake la maembe.

Wayua alipofika nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Mumewe, Mbaluka, alichukua mkoba wa mkewe akaumwaga kitandani. Alipekua hadi kifuko cha hereni. Hakupata kitu.

"Nilitaka tu kuhakikisha," alisema.

Wayua alilia. Watu wa baa wamshuku, sawa, amewazoea. Lakini Mbaluka?

"Huyo mzee akifa, watanifunga," alisema. "Na wewe utaamini ni mimi."

Kesho yake walienda hospitali pamoja. Walimkuta Nyamai ameketi kitandani, na Sista Hasina yuko kando yake.

"Hakuna mchele," Sista alisema. "Sukari ya mwilini ilishuka sana. Mzee ana kisukari. Anajidunga sindano kila siku."

Nyamai aliinamisha kichwa. "Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Bia ukiinywa na njaa, inashika upesi."

"Sindano inashusha sukari," Sista akasema. "Pombe nayo inazuia mwili kuipandisha tena. Ukiongeza njaa, mtu anaanguka. Na watu wanasema amelewa."

"Sasa nikimwona mtu hivyo, nifanye nini?" Wayua akauliza.

"Kama bado anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari. Akizimia, usimtie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu, apelekwe hospitali haraka. Hata kama ni mchele kweli, fanya hivyo hivyo. Na chupa uifungue mbele ya mwenyewe, aone."

Mbaluka alimtazama mkewe. "Nisamehe, mama Mbinya."

Wayua alitangulia kutoka nje. Uchungu ulikuwa bado mbichi.

Jumamosi iliyofuata alianza desturi mpya. Chupa aliiweka mbele ya mteja ikiwa na kifuniko chake. Kabla ya kuifungua aliuliza, "Umekula? Kuna dawa unatumia?"

Wateja walicheka sana. "Hii ni baa ama ni hospitali?"

Ndululu hakucheka. Alisubiri wenzake waende kutazama mpira kwenye televisheni. Halafu akaisukuma chupa yake kando na kuinama karibu na kaunta.

"Wayua, mimi natumia dawa ya sukari," alisema kwa sauti ya chini. "Huu ni mwaka wa tatu. Hata mke wangu hajui. Wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia."

"Kaa hapo," Wayua akamwambia. "Wacha nikuletee muthokoi wa mahindi na maharagwe, ule kwanza."