Ndagala Kitandani kwa Chausiku

Kitendawili, wajukuu wangu! Nina mgeni, nimemfungia mlango akiwa nje, nami nimekaa ndani nalia mbona haji. Mkishindwa, leo sidai mji. Mfuateni tu Vestine.

Vestine alitoka Kivu ya Kusini, akaja kuishi Rumonge, kando ya ziwa, na binti yake, Schékinah. Kazi yake ilikuwa ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani. Mitumbwi ikifika asubuhi ananunua, anaanika juu ya chanja za waya, anageuza, anafukuza kunguru. Ndagala ndizo zilikuwa ugali wao na kaye, yaani madaftari, za shule za Schékinah.

Lakini kazi hiyo aliionea haya. Kila Alhamisi, kabla ya kwenda kwenye chumba cha maombi, alisugua mikono kwa ndimu na majivu mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Utajichubua, Mama Schékinah!" Jirani yake Chausiku alimcheka. Chausiku alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa pale pale. Chanja zake zilikuwa chini kidogo, karibu na maji. "Kwani Mungu wenu anachagua harufu?"

"Mungu iko kule kwa maombi, dada. Huku iko mainzi tu."

"Haya. Umusalimie."

Alhamisi moja jua liliwaka vizuri. Vestine alikuwa amenunua ndagala nyingi kuliko siku zote. Akiba yake yote ilikuwa imelala juu ya waya. Akaenda kuomba. Mlango ukafungwa. Akapiga magoti, akalia: "Bwana, nionyeshe uso wako, hata mara moja tu!"

Ghafla, mabati yakapiga kelele. Mvua! Tena mvua ya mawe.

Vestine akafumbua macho. Ndagala zangu! Ndagala zikilowa kabla hazijakauka, zinaoza. Akautazama mlango. Kisha akajikaripia: Mtu wa Mungu hatoki mbele ya Mungu kwa sababu ya samaki. Akafumba macho kwa nguvu.

Mvua ilipokatika alikimbia mpaka ufukweni. Akasimama kama mti.

Chanja zilikuwa tupu.

Hakuna hata ndagala moja! Waya tu, zinachuruzika maji. Vestine alishika kichwa. Akapiga yowe:

"Mama weee! Wameniibia! Wezi wamenimaliza!"

Kule chini Chausiku alikuwa amechuchumaa, anaokota kitu, nguo zimemgandia mwilini kwa maji. Vestine akamwendea mbio.

"Ndagala yangu iko wapi? Wewe ulikuwa hapa!"

"Iko kwangu," Chausiku akajibu bila kuinuka.

"Kwako! Umebeba ndagala yangu?"

"Ingia uone. Mlango uko wazi."

Vestine akaingia kwa hasira, akakwama mlangoni. Godoro la Chausiku lilikuwa limesimamishwa ukutani. Juu ya kitanda palitandikwa shitingi, lile turubai la plastiki, na juu ya shitingi zililala ndagala zake, kavu, zimefunikwa kitenge kipya, kile cha Chausiku cha sikukuu.

Akatoka polepole. Sasa ndipo alipoona alichokuwa anaokota Chausiku. Ndagala za Chausiku zilikuwa zimegeuka uji.

"Dada... na zako?"

"Mvua haikunisubiri."

"Kwa nini ulianza na zangu?"

Chausiku akamkodolea macho, kama ameulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Si hukuwepo? Hapa kwetu mvua ikija, tunaanza na za asiyekuwepo. Aliyepo anaweza kujitetea."

Maneno hayo yalimpiga Vestine kama kofi. Mara ngapi mvua imewakuta pale! Aliwaona wanawake wakikimbia, akadhani kila mmoja anakimbilia zake. Yeye alikusanya zake, akapita mbele ya chanja za Chausiku, akaenda. Na hakuna aliyemwambia neno.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Benedicte, kiongozi wa maombi. Alimkuta anakamua mawese, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Mama, naogopa," Vestine akasema. "Niliomba nione uso wa Mungu. Nikaona Chausiku ameloa."

Benedicte akaacha kukamua. "Binti yangu, Bwana Yesu alipofufuka, wale wavuvi wake walimwona wapi asubuhi moja?"

"Hekaluni?"

"Ufukweni! Amewasha makaa, amewachomea samaki, anawaita waje kula."

Vestine akashika kifua. "Yesu wangu! Basi mikono yake ilinuka samaki?"

"Ulidhani ilinuka nini?"

Vestine akaitazama mikono yake iliyochubuka kwa ndimu.

"Sasa maombi tuache, Mama?"

"Nani amesema? Alhamisi njoo. Lakini omba na kule pia. Ukigeuza ndagala, mutaje mwenye chanja ya jirani kwa jina lake. Na Mungu akikuita nje, usimujibu kwamba uko kwa maombi."

Jioni ile Vestine aligawa ndagala zake nusu kwa nusu, akapeleka sehemu moja kwa Chausiku.

"Umeniletea sadaka?" Chausiku akauliza, uso umekunjamana.

"Hapana, dada. Tuanike pamoja. Kama utanikubali."

Chausiku akanyoosha mikono. "Lete. Ila usinuke ndimu, utanifukuzia wateja."

Wiki zikapita. Alhamisi nyingine, katikati ya wimbo, mabati yakalia tena. Vestine akainuka, akafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama Schékinah!" mmoja akanong'ona. "Tuko kwa maombi!"

"Na mimi pia," akajibu, akiwa tayari kwenye mvua.

Wimbo ukaendelea bila yeye. Kisha Mama Benedicte akakaza kitenge chake, akamfuata. Wengine wakafuata, wimbo haujakatika. Chausiku alikuwa ameenda Nyanza-Lac, kwenye msiba. Wakaanza na zake.

Hakuna hata ndagala moja ya Chausiku iliyooza.

Wakarudi chumbani wanatiririka maji. Vestine akainua mikono kushukuru. Magamba madogo yalimeta kwenye vidole vyake. Schékinah, aliyekuwa amebaki chumbani, akaziba pua.

"Mama! Unanuka ndagala!"

"Ndiyo, mwanangu," Vestine akasema, na hakuyafuta.

Na ule mlango wa chumba cha maombi, kuanzia siku ile, hawakuufunga tena.