Cheti cha Bibi Ezili

Siku ile kwenye duka la kuchapa nyaraka walikuwepo Mama Célimène, mwenye duka. Mirlande, mchapaji wake. Wisnel, fundi pikipiki, mchumba wa Mirlande. Dieuseul, fundi cherehani, aliyekaa mlangoni akisubiri zamu yake. Na Taïna, mtoto wa Mirlande na Wisnel, miezi saba, aliyelala ndani ya katoni ambayo Mama Célimène aliitandika kilemba chake mwenyewe bila kuombwa.

Mirlande alikuwa anarekebisha kadi ya harusi yake kwenye kompyuta. Alichapa jina lake, akainama kumfuta mtoto jasho. Alipoinuka, jina halikuwepo.

"Umeghairi kuolewa?" Wisnel akamtania.

"Nikighairi mimi, nani atakuchukua na harufu yako ya grisi?"

Lakini Wisnel hakunuka grisi. Alinukia marashi ya waridi, mazito, kama mtu aliyetoka kukumbatiwa sasa hivi.

"Ulikuwa kwa nani?" Mirlande akauliza, sauti imeshuka.

"Nilikuwa chini ya pikipiki! Kwa nani tena?"

Wivu ulimchoma kifuani. Akachapa jina lake tena, kwa nguvu. Mbele ya macho yake herufi zikaanza kufutika kutoka mwisho, moja moja, bila haraka, kisha mahali pake zikaja nyingine: E, z, i, l, i.

Mama Célimène aliweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Mwanangu," alinong'ona, "hiyo kadi uliichapa juu ya faili gani?"

Mirlande akaitazama ile kadi. Cheti cha Dieuseul kilikuwa na pambizo nzuri ya maua. Pale mjini Jacmel mwanamume kuoa pepo si ajabu: kuna pete, kuna cheti, kuna siku za kulala peke yake akimngoja mkewe. Mirlande ndiye aliyemchapia Dieuseul cheti cha kumwoa Bibi Ezili, pepo wa mapenzi. Wiki iliyopita alikifungua, akafuta majina yao, akaweka lake na la Wisnel, akahifadhi bila kuipa faili jina jipya.

"Nilitaka maua tu, Mama."

Dieuseul akasimama. "Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne! Tangu siku hiyo mke wangu hajaja! Nimemtandikia shuka nyeupe, nimemwekea keki, nimelala kama mgane. Kumbe yuko kwa huyu! Huyu mwenye kucha nyeusi!"

"Mzee, mimi sijamwita."

"Usiniite mzee!"

"Nyamazeni," Mama Célimène akasema. "Mirlande, umemfutia mwenzio ndoa, ukamwekea mwanamume mwingine pale pale. Bibi Ezili amemchukua uliyempa."

Hapo Taïna akaamka akalia, na Wisnel, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kumbeba, hakugeuka hata shingo. Alikuwa akitabasamu kuelekea kona tupu nyuma ya printa, macho yamelainika namna ambayo Mirlande alidhani ni yake peke yake, na kwenye kidole chake, ambacho hakijawahi kuvaa kitu, ngozi ilikuwa inabonyea polepole kuzunguka, kana kwamba pete inasukumwa na mkono usioonekana.

"Chapa cheti cha Dieuseul upya, kwenye faili mpya," Mama Célimène akamhimiza, huku amembeba mtoto. "Kila neno. Na useme na Bibi Ezili kwa adabu. Ni mke mwenzio sasa."

Dieuseul alikijua cheti kwa moyo. Alikitamka akilia, Mirlande akachapa. Karatasi ikatoka, Dieuseul akatia sahihi. Upepo wenye harufu ya waridi ukampitia usoni, naye akafumba macho. "Amerudi," akasema. "Asante, binti yangu." Hakuwa na kinyongo tena.

Lakini Wisnel bado alitabasamu kuelekea kona. Kwenye kadi ya harusi, maneno yakajichapa: *Na huyu pia. Siku tatu kwa wiki.*

Mirlande akafuta yote. Yakarudi. Akafuta. Yakarudi, na Wisnel akapiga hatua moja kwenda kwenye kona.

"Usimnyime kabisa," Mama Célimène akanong'ona. "Mpatane."

Mirlande alimtazama baba wa mtoto wake. Akachapa: *Bibi, nakuomba radhi. Sikukusudia kukuvunjia ndoa. Lakini nina mtoto naye. Chukua siku moja.*

*Moja* ikafutika. Ikaja *mbili*.

Machozi yakimtoka, Mirlande akafuta *mbili*, akaandika tena *moja*, akaondoa mikono kwenye kibodi.

Kishale kikapepesa mwisho wa neno lile. Kikapepesa muda mrefu. Neno likabaki.

"Mbona analia hivi?" Wisnel akauliza, akimchukua Taïna mikononi mwa Mama Célimène. "Ana njaa huyu, hamumwoni?"

Walifunga ndoa mwezi wa pili. Kila Alhamisi, Mirlande na mtoto hulala kwa Mama Célimène.