Vipande vya Katikati

Mama Kasuku alikuwa amekanyaga ncha moja ya blanketi ndani ya beseni, ncha nyingine ameishika kwa mikono miwili, anakamua maji kwa nguvu zote za mgongo wake mbovu, mama mkwe wake alipotokea kwenye mlango wa uani.

"Mwanao anasoma chumbani," alisema Bibi.

"Afadhali. Akisoma hanisumbui."

"Unamsikia?"

Alimsikia. Dirisha la chumba cha mbele lilikuwa wazi, na sauti ya Kasuku, ile sauti nyembamba yenye haraka iliyompa jina hilo tangu ana miaka miwili, ilikuwa ikitiririka bila kituo: mjane kasimama mbele ya mwashi, mikono ya mwashi imejaa udongo, na mjane anajifanya amekuja kuulizia matofali tu.

"Namsikia, Mama. Kuna nini?"

Bibi alisogea pembeni. Nyuma yake alisimama Kasuku mwenyewe, msichana wa miaka kumi na mitatu, miguu peku, midomo imefungwa, mikono yote miwili imeishika shingo yake.

Chumbani sauti iliendelea kusoma.

Blanketi lilimponyoka Mama Kasuku likarudi majini. Alimshika mtoto kidevu, akamwambia afungue mdomo, akachungulia kooni kama anayetafuta mwiba wa samaki. Ulimi ulikuwepo. Meno yalikuwepo. Hewa ilikuwa inaingia na kutoka. Ila Kasuku alipojaribu kusema "Mama", midomo ilicheza tu, na kule chumbani sauti yake ikacheka kwa sababu mwashi alikuwa amesema neno la kuchekesha.

Mama Kasuku alifuta mikono kwenye kanga, akaenda chumbani. Hakuwa mwanamke wa kupiga kelele. Aliwahi kujifungua huku maji ya chai yamechemka jikoni, akamwelekeza mkunga pa kuyaweka.

Chumba kilikuwa kama alivyokiacha: cherehani yake ya mkono chini ya dirisha, kapu la mapazia ya wateja, kiti chenye mto. Ila mto ulikuwa umebonyea, umebonyea sana, kama umekaliwa na mtu mnene, na juu kidogo ya mto kitabu kilikuwa kimefunguka bila kushikwa. Kulikuwa na harufu ya kitambaa kibichi kinachoungua chini ya pasi iliyosahauliwa. Aligeuka haraka kutazama pasi. Ilikuwa rafuni, baridi, waya umezungushwa.

"Nani?" aliuliza.

Sauti ilinyamaza. Ikasikika ncha ya kidole ikilambwa, na ukurasa ukageuka.

"Kaa," ilisema sauti ya mwanawe. "Ndiyo kwanza malkia anaingia."

Mama Kasuku alifunga mlango, akauegemezea stuli.

Kwenye daftari la shule Kasuku aliandika yaliyotokea. *Nilikuwa namsomea Bibi, Bibi akasinzia. Mtu akasema endelea. Nikasema nimechoka. Akasema basi nipe nisome mwenyewe. Nilidhani Bibi. Nikasema haya chukua.*

"Mimi sijasema kitu," alinong'ona Bibi. "Wallahi nilikuwa nakoroma."

Kitabu chenyewe Mama Kasuku alikijua, maana alikishona kwa mkono wake. Pale karakana alikofanya kazi, yeye na wenzake, wanawake wanne, walikuwa wanashona mapazia na mashuka, na wote walikuwa na ugonjwa mmoja: riwaya. Wakipata kitabu, hawakuwa na subira ya kungoja zamu. Mkataji alikipasua mgongo kwa mkasi mkubwa, wakakigawa mwanzo, katikati na mwisho, kila kipande kikapigwa mshono, wakapokezana. Mwezi ule walikuwa na vitabu vitatu kwa mpigo. Kimoja kilikuwa cha mapenzi, cha mjane na mwashi. Cha pili kilikuwa cha maajabu, cha malkia aliyekiondoa kivuli chake mwilini akakishona ukutani kimlindie nchi. Cha tatu kilikuwa cha dunia baada ya kuisha, ambapo jua limefifia na watu kumi na mmoja wamejifungia katika kiwanda cha chumvi, kila jioni wanajihesabu kabla ya kula. Siku ya kuvikata umeme ulizimika. Mama Kasuku alikusanya karatasi zake gizani, akazipitisha chini ya sindano. Alipofika nyumbani akakuta ameshona katikati tatu kuwa kitabu kimoja.

Alikusudia kufumua Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na nguo za kufua. Kasuku akaanza kumsomea Bibi hivyo hivyo, na Bibi hakulalamika hata kidogo.

"Nilidhani mjane ndiye aliyekuwa malkia," alisema Bibi sasa. "Nikasema mapenzi ya siku hizi yana mambo."

Asubuhi iliyofuata mume wake, mchomeleaji wa mageti, alimleta mganga. Alikuwa mtu nadhifu mwenye mkoba wa ngozi. Alinusa kizingiti, akaweka sikio mlangoni, akasikiliza kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Huyu hajatumwa na mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni msikilizaji. Kapita njia, kasikia, kaingia. Dawa yake ni moja. Chomeni vitabu. Vyote, na vya kwenye kabati."

"Choma," ilisema sauti ya Kasuku nyuma ya mlango, karibu kabisa, kama mdomo umegusa ubao. "Sauti ya mtoto imo humu ndani ya kurasa. Leteni moto."

Mganga alikumbuka mgonjwa mwingine aliyekuwa anamngoja. Aliondoka mbio, kiatu kimoja amekivaa na kingine amekishika.

"Mama Kasuku," mume wake alianza, akinong'ona. "Nilikuambia mimi. Vitabu, vitabu. Mtu ana watoto, ana cherehani..."

"Maliza."

"Sijasema vibaya."

"Nimeshona mapazia ya nyumba za watu miaka kumi na sita, Baba Kasuku. Sijawahi kuchungulia nje kupitia pazia hata moja. Zile kurasa ndiyo dirisha langu. Usiku nikimaliza vyombo vyenu nasoma kurasa sita, naamka nikiwa mtu. Jini amekuja akaketi kwenye kiti changu, akachukua mtoto wangu, sasa nimpe na vitabu vyangu? Kwa lipi?"

Mume wake alitazama chini. "Basi tufanyeje?"

Mama Kasuku alirudi kwenye beseni, akalikamua upya lile blanketi la jana lililoanza kunuka, na huku anakamua akasikiliza. Mjane, malkia, watu wa chumvi. Kisha tena mjane, kutokea lile neno la kwanza ambalo halikuwa mwanzo wa kitu chochote. Sauti ilifika mwisho wa kitabu, ikarudi, kama inzi kwenye kioo. Jini aliingilia katikati, aliwaza Mama Kasuku, na hakuna mahali pa kutokea. Nguo isiyopindwa hufumuka tu, haina inapokoma. Kosa lilikuwa la mshono, na mshono ulikuwa wake.

Na kila sauti iliporudi mwanzo, ilichukua kitu. Mzunguko wa mchana Bibi aliinamia kitambaa chake, akakohoa kile kikohozi kikavu alichokuwa nacho tangu aolewe, na hapakutoka kitu. Kilitoka chumbani. Mzunguko uliofuata Kitinda, mtoto wa mwisho, aliyekuwa anacheza na kifuniko cha sufuria, alitupa kichwa nyuma acheke, kicheko hakikuja. Alitazama kinywa cha mama yake kukitafuta.

Mama Kasuku alivaa viatu.

Karakana alikuta wenzake mezani, akawaomba vipande vya mwisho. Mpiga pasi alikuwa na mwisho wa mapenzi kwenye mfuko wa aproni. "Chukua, shoga, ila wanaoana, nimekwambia mapema." Mkataji akatoa mwisho wa malkia uliokuwa unalalia rula. Wote wakamgeukia Mama Vifungo, mwenzao wa nne.

"Wa chumvi ninao," alisema Mama Vifungo. "Nilikuwa nao."

"Mwenzetu, usituambie."

"Ulitumbukia kwenye ndoo ya rangi ya bluu. Nikauanika. Ukawa kama chapa ya pazia, hausomeki hata herufi."

"Na wewe ulikuwa umeusoma?"

"Kurasa mbili. Nikasinzia."

"Unasinzia dunia ikiisha!" alisema Mpiga pasi. Walicheka, kisha wakauona uso wa Mama Kasuku wakaacha. Bila kuuliza, Mkataji alichana urefu wa mkono mzima wa karatasi ya kukatia mitindo, nyeupe, tupu, akaikunja akamtia kwapani.

Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa dirisha alipoiondoa stuli mlangoni akaingia, akauacha mlango wazi, na mlango wa barabarani nao akauacha wazi. Mume wake alisimama ukumbini na Kitinda mkononi. Bibi alimshika Kasuku mabega. Harufu ya kuungua ilikuwa nzito kiasi cha kuwasha macho.

Hakutoa salamu. Aliinama, akakishika kitabu pale hewani. Kilikuwa na joto, na kwa muda kidogo kikavutwa upande wa pili, na vidole asivyoviona vikagusa vyake, vikavu, vingi kuliko kumi.

"Ni cha kwangu," alisema. "Nimekishona mimi. Nataka kukimalizia."

Kikaachiwa.

Aliketi kwenye cherehani, akaweka mwisho wa mjane chini ya sindano, akazungusha mkono wa mashine, akasoma kwa sauti. Hakuwa msomaji mzuri kama mwanawe. Alikwama, alimeza mate. Mjane alisema ndiyo, mwashi akaacha mwiko ukaanguka. Mto ukatoa pumzi ndefu. Ukumbini Bibi akakohoa, akakohoa tena, akasema, "Eh! Karibu nyumbani."

Alishona mwisho wa malkia. Malkia alikwenda ukutani kwa kivuli chake, akakata uzi mmoja mmoja kwa meno. Kitinda akacheka mpaka akapaliwa.

"Cha tatu," ilisema sauti ya Kasuku. Sasa ilikuwa nyuma ya sikio lake, na haikuwa na haraka. "Cha chumvi. Nipe mwisho."

Mama Kasuku alifungua karatasi nyeupe, akazishona, akaziinua usoni pake.

"Hizo hazina kitu."

"Wewe umewahi kushika sindano? Hujawahi. Basi nyamaza usomewe."

Akaanza, akasema kwamba jioni ile mpishi wa kiwanda cha chumvi aliwahesabu watu wake kama jioni zote, akianzia mlangoni kwa yule mzee mwenye jicho moja, akapita kwa ndugu wawili waliolala mgongo kwa mgongo, akapita kwa mama na mtoto aliyezaliwa baada ya jua kufifia na asiyejua kwamba kuna kitu kilipungua, na alipofika kwake mwenyewe akakuta hesabu ni kumi na wawili, akarudia, ikawa tena kumi na wawili, na humo gizani akasikia pumzi moja isiyo ya mtu wake, pumzi ya aliyeingia kwa kupenda masimulizi yao na akakaa, akakaa, hadi akaanza kuwapunguza wao ili aongezeke yeye. Naye mpishi akaweka mwiko chini, akafungua mlango wa chuma kwa mikono miwili, akasema, chungu hiki ni cha watu kumi na mmoja, wewe uliyekuja kusikiliza umesikia, acha ulichookota humu, toka.

Polepole, sauti ya mwanawe ikauliza kitu ambacho hakikuwemo kwenye kitabu chochote.

"Atoke aende wapi? Dunia imeisha."

Haikuwa hila, ilikuwa ni hofu. Mama Kasuku aliitambua hofu. Hakuiachia njia.

"Haijaisha," alisema. "Kilichoisha ni kitabu. Huko nje kuna matope, kuna majirani, kuna maelfu ya madirisha na nyuma ya dirisha fulani sasa hivi kuna mtu anafungua ukurasa wa kwanza. Kasikilize huko, uanzie mwanzo kama watu. Sauti ya mwanangu iache hapo kwenye mto. Mwisho."

Akakata uzi kwa meno.

Mto uliinuka taratibu, mkunjo baada ya mkunjo. Kitu kilimpita magotini kikiwa na joto la pasi, mapazia ya wateja yakaguswa moja baada ya jingine kapuni, Bibi akajibana ukutani, na pazia la mlango wa barabarani likajaa upepo, likabaki limejaa kwa muda, kama aliyegeuka kutazama, kisha likashuka.

Harufu ikaisha.

"Mama," alisema Kasuku. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa mahali pake, mdomoni. "Mwisho huo mbaya. Yule mpishi angempa hata kijiko kimoja."

"Kaandike wa kwako. Kwanza weka sahani."

Aliliinua blanketi hatimaye, akalianika, likachuruzika uani lote. Kisha akapakua maharage, na alipokwisha kupakua akasimama na mwiko mkononi, akaanzia mlangoni. Mume wake. Bibi, anakohoa. Kitinda, kifuniko cha sufuria kichwani. Kasuku, anaongea tayari na mdomo umejaa. Akajigusa kifua.

"Watano," alisema. Akarudia hesabu kutokea upande wa pili, kwa sauti, ili hata aliye nje asikie. "Watano. Sahani tano. Kuleni."

Kando ya sahani ya Kasuku kulikuwa na riwaya mpya, ukurasa wa kwanza umefunguliwa. Kipande cha mwisho, kimekatwa na kushonwa vizuri, Mama Kasuku aliketi akakikalia, ili safari hii mwisho usikosekane.