Rafu ya Sekela

Tukuyu ni mji wa mvua. Mvua ya asubuhi, mvua ya mchana. Hata jua likitoka, huchungulia tu, kisha hurudi ndani.

Hapo Tukuyu, katika nyumba yenye bati jekundu, aliishi mtoto aitwaye Tumpe. Aliishi na Mama na Baba.

Tumpe alikuwa na kabati la nguo. Lilikuwa na rafu ya juu, rafu ya chini na mlango mmoja.

Kabati lilijaa pomoni. Magauni yalibanana na masweta. Soksi zilibanana na sketi. Mkono wa sweta moja ulining'inia nje kama ulimi.

Kila asubuhi Tumpe aligeuka, akausukuma mlango kwa mgongo.

Sukuma, sukuma.
Kwiii.
Mlango haufungiki.

Siku moja Mama alikuwa jikoni akichambua mboga. Akamwita Tumpe.

"Tumpe, jioni Sekela anakuja."

Sekela alikuwa mtoto wa mama mdogo. Tumpe alimpenda. Walipoonana mara ya mwisho, walicheza mpaka wakasinzia kwenye mkeka.

"Anakuja kucheza?" Tumpe aliuliza.

"Anakuja kukaa. Mama yake anakwenda chuo, anasomea uuguzi. Sekela atakaa na sisi mpaka mama yake amalize."

"Atalala na mimi?"

"Atalala na wewe."

Tumpe akaruka ruka.

"Na nguo zake zitakaa kwenye kabati lako," alisema Mama. "Utampa rafu moja."

Tumpe akaacha kuruka.

"Lakini Mama, kabati limejaa."

"Basi lipunguze."

Tumpe alikwenda chumbani. Akalitazama kabati. Akashika gauni, akalirudisha. Akashika sketi, akairudisha.

Hii yangu.
Na hii yangu.
Zote zangu.

"Labda nikizisogeza," alisema Tumpe peke yake. "Labda nikizisukuma sana."

Sukuma, sukuma.
Kwiii.

Pu. Pu. Puuuu.

Nguo zikamwangukia. Zikamfunika miguu, zikamfunika tumbo. Soksi moja ikakaa juu ya kichwa.

Mama akaja. Hakugomba. Aliitoa ile soksi kichwani, akakaa kitandani.

"Sasa tuzitoe zote," alisema.

Wakazitoa zote. Wakazirundika kitandani. Ukawa mlima. Ulikuwa mrefu kama mlima Rungwe, ila huu ulikuwa na vifungo.

"Hizi zote za nani?" Mama aliuliza.

"Zangu," alijibu Tumpe.

"Haya. Vaa tuone."

Tumpe akavaa gauni la njano. Zipu ilipanda kidogo. Kisha ikagoma.

"Linabana?" Mama aliuliza.

"Hapana."

"Pumua tuone."

Tumpe akajaribu kupumua. Pumzi iliishia kifuani.

"Linabana," alisema kwa sauti ndogo.

Gauni la njano likawekwa pembeni.

"Vaa tuone," alisema Mama.

Tumpe akavaa sketi ya kijani. Akazunguka. Sketi nayo ikazunguka. Haikubana wala haikuanguka. Hiyo ikarudi kabatini.

"Vaa tuone," alisema Mama.

Tumpe akavaa suruali ya zamani. Suruali iliishia magotini.

"Hiyo ni ya kuvukia mto," alisema Mama.

Tumpe akacheka. Akaivua mwenyewe, akaiweka pembeni.

Halafu Tumpe akaona sweta la bluu.

Sweta hilo lilifumwa na Bibi. Lilikuwa na bata mweupe kifuani. Tumpe alilivaa siku yake ya kwanza chekechea. Alilivaa alipokuwa na homa. Alilivaa hata jua lilipowaka.

"Hili silivui," alisema Tumpe.

"Hujalivaa bado," alisema Mama. "Vaa tuone."

Tumpe akaingiza kichwa. Kichwa kikaingia. Hakikutoka upande wa pili.

Ndani ya sweta kulikuwa giza. Kulinuka sabuni na moshi.

"Mama," sauti ikatoka ndani ya sweta. "Nimekwama."

Baba alikuwa anapita mlangoni. Akasimama.

"Leo sweta lina miguu," alisema Baba. "Linakwenda wapi?"

"Baba, ni mimi."

"Aaa, kumbe ni wewe."

Baba akashika juu. Mama akashika mikono.

Vuta, vuta.
Vuta, vuta.
Pwap.

Sweta likatoka. Nywele za Tumpe zikasimama. Na machozi yakaanza kushuka.

"Umeumia?" Baba aliuliza.

Tumpe akatikisa kichwa.

"Nikilitoa, Bibi atanuna," alisema.

 Mama alichukua simu, akampigia Bibi.

"Shikamoo Bibi," alisema Tumpe, akifuta kamasi.

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona sauti imelowa?"

"Sweta la bata halinitoshi."

 Bibi akacheka.

"Lile la bluu? Bado mnalo? Mimi nilijua panya wameshalichukua. Ulikuwa hujaanza hata chekechea nilipolifuma."

"Hujanuna?"

"Nitanunaje kwa sababu umekua? Mpe mtoto mwenye baridi. Kisha mwambie mama yako akupime mikono, nikufumie lingine. Unataka rangi gani?"

Tumpe akafikiri.

"Nyekundu," alisema. "Lakini bado nalipenda lile la bluu."

"Lipende tu," alisema Bibi. "Hakuna anayekukataza."

Mlima ukapungua. Fulana yenye tundu ikawa tambara la jikoni. Sketi na masweta yaliyotosha yakakunjwa.

Kunja, kunja.
Laini, laini.
Panga.

Nguo zilizobana zikaingia kwenye kikapu. Juu kabisa Tumpe aliweka sweta la bluu.

Wakatoka na mwavuli, wakaenda kwa jirani, Mama Lugano. Mama Lugano alikuwa na mtoto mdogo, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Aliitwa Lugano, na pua yake ilikuwa na baridi.

"Karibuni," alisema Mama Lugano. "Karibuni ndani, mtalowa."

Tumpe alishika sweta. Akaendelea kulishika kidogo. Kisha akalinyoosha mbele.

"Hili la Lugano," alisema.

Mama Lugano akamvalisha mwanawe. Sweta likafika magotini. Lugano akajitazama kifuani. Akamgusa bata kwa kidole.

"Kwa kwa," alisema Lugano.

Tumpe alitaka kulichukua tena sweta lake. Pia alitaka kucheka. Vyote viwili vilikuja pamoja.

"Ndiyo," alimwambia. "Ni bata. Usimmwagie uji."

Waliporudi nyumbani, rafu ya juu ilikuwa na nguo za Tumpe. Rafu ya chini ilikuwa tupu. Tumpe akaipangusa kwa kitambaa, mpaka kwenye kona.

Kisha akashika mlango kwa vidole viwili.

Sukuma.
Tk.
Mlango umefungika.

Jioni Baba alikwenda stendi kumpokea Sekela. Walirudi wamelowa wote wawili. Sekela alikuwa amekumbatia begi lenye maua.

"Shikamoo mama mkubwa," alisema Sekela polepole.

"Marahaba mwanangu. Karibu nyumbani. Sogea hapa kwenye moto."

Tumpe hakuweza kusubiri. Alimshika Sekela mkono, akampeleka chumbani, akafungua kabati.

"Hii rafu yako. Nimeipangusa mwenyewe. Weka nguo zako."

Sekela akaitazama rafu. Akalikumbatia begi zaidi.

"Sitaki," alisema.

"Kwa nini?"

"Nikizitoa, itakuwa nimehama kweli."

Tumpe akaitazama rafu.  Alikuwa amelia kwa ajili ya rafu hii. Alikuwa ametoa sweta lake. Alitaka kusema, "Basi nirudishie rafu yangu."

Akamtazama Sekela. Kidevu cha Sekela kilikuwa kinatetemeka.

Tumpe akakaa chini, karibu na begi.

"Na mimi sikutaka," alisema. "Nilitaka rafu zote mbili."

Sekela akageuka. "Zote?"

"Zote. Halafu nikakwama ndani ya sweta. Baba akanivuta kama muhogo."

Mdomo wa Sekela ulicheka kidogo, upande mmoja tu.

"Begi likae hapa," alisema Tumpe. "Siku ukitaka, rafu ipo."

Wakala ndizi na maharage. Sekela alikula na begi magotini. Mama aliliona begi. Baba aliliona begi. Wakaliacha hapo hapo.

Baada ya chakula, mama mdogo alipiga simu. Sekela aliongea naye muda mrefu, ameegemea ukuta. "Ndiyo mama," alisema. "Nimekula mama. Nalala na Tumpe." Kisha akairudisha simu kwa Mama, akapangusa macho.

Ukafika wakati wa kulala. Nje, mvua ilikuwa inapiga bati.

Ta ta ta.
Ta ta ta.

Tumpe alipanda kitandani. Sekela alikaa ukingoni. Akatazama begi. Akatazama kabati.

Akavua soksi moja. Akainuka, akafungua kabati, akaiweka kwenye rafu ya chini. Katikati kabisa.

"Hiyo moja tu," alisema Sekela.

"Moja inatosha," alisema Tumpe.

Sekela akarudi kitandani. Akalala. Akatazama juu. Kisha akajiinua tena.

"Tumpe."

"Nini?"

"Itaogopa peke yake."

Tumpe akafikiri.

"Basi ipelekee mwenzake," alisema.

Sekela akavua soksi ya pili. Akaipeleka. Akazilaza pamoja, moja karibu na nyingine. Akaufunga mlango polepole ili zisishtuke.

Kisha akarudi mbio, akaingia chini ya blanketi.

"Tumpe," alinong'ona.

"Nini tena?"

"Sasa miguu yangu ina baridi."

Tumpe akasogea.

"Ilete huku," alisema.

Sekela akaileta. Ilikuwa baridi kweli, baridi kama vijiko. Tumpe akashtuka. Sekela akacheka, safari hii mdomo mzima.

Wakacheka mpaka Mama akagonga ukuta. Kisha wakanyamaza.

Ta ta ta, ilisema mvua.

Miguu ikapata joto. Macho yakafumba.

Wakalala.