Akiba ya Kingori

Kengele ya alfajiri ilipolia katika shule ya bweni iliyokuwa kilimani kupita Gatitu, hakuna mvulana aliyejigeuza kitandani kutafuta usingizi wa pili. Huo haukuwa utaratibu wa shule ile. Mablanketi yalikunjwa pembe zikanyooka, nyuso zikaoshwa kwa maji yaliyoteremka mlimani yangali na baridi ya theluji, na kabla jua halijagusa mabati ya bweni kila mtu alikuwa kazini. Huyu alifagia, yule alikamua ng'ombe, na kundi kubwa lilikuwa bustanini kando ya mto, likivuna mboga.

Kingori, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa na kazi ambayo wengi waliionea wivu. Yeye alitunza ufunguo. Ulikuwa ufunguo mkubwa wa chuma, naye aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani hata alipocheza mpira. Ulifungua duka la shule, kibanda cha mbao kilichojengwa langoni, ambamo mboga za bustani ziliuzwa kwa watu wa nje kila Jumatano na Jumamosi.

Ulikuwa mwaka wa 1955, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Wanafunzi hawakuvuka lango bila ruhusa, na watu wa vijijini hawakutembea bila pasi. Dirisha la duka likawa ndilo jicho la shule la kuutazama ulimwengu, na kwa Kingori lilikuwa zaidi ya jicho. Cucu wake, yaani mama mzazi wa baba yake, ndiye aliyemlea. Sasa bikizee huyo aliishi katika kijiji kipya kilichozungushiwa handaki, wala hakuwa na pasi ya kufika shuleni. Lakini Mama Khavere, mke wa sajini wa polisi kutoka Maragoli, aliishi katika kambi iliyopakana na kijiji hicho. Kila Jumamosi mama huyo alifika dukani na kikapu chake, akanunua kabichi, akaacha salamu.

"Cucu yako amesema nikuangalie kama umenenepa," alisema Jumamosi moja, akimpima Kingori kwa macho kupitia dirishani. "Sasa nitamwambia nini? Uko mwembamba kama kijiti ya kibiriti!"

"Mwambie nimenenepa, Mama."

"Ati nidanganye mzee? Mimi, mke wa polisi?" Mama Khavere alicheka hadi kikapu kikatikisika. Kisha akanusa hewa. "Lakini wewe kijana, niambie ukweli. Nyinyi mnafuga beberu hapa ndani?"

"Hapana, Mama."

"Basi kuna beberu amejileta mwenyewe. Mtafute."

Kingori alicheka pamoja naye, ila hakutafuta chochote. Alikuwa na hakika kwamba duka lake lilipangwa vizuri kuliko duka lolote mjini Nyeri. Mboga mpya zilipoletwa kutoka bustanini, alizitandaza juu ya zile zilizotangulia, na wateja wakachukua za juu. Za chini hazikuguswa. Siku Theuri, mwenzake wa zamu, alipopeleka mkono huko chini, Kingori aliuondoa haraka.

"Mbona hizi hatuuzi?" Theuri aliuliza.

"Hiyo ni akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya siku mbaya. Umesahau ule mwezi soko lilipofungwa, tukala uji unaopita kwenye kijiko kama maji?"

Theuri hakuwa ameusahau. Hakuna mvulana aliyekuwa ameusahau. Akaziacha.

Kanuni hiyo Kingori aliipata kwa cucu. Alipokuwa mdogo, yeye ndiye aliyeingizwa ndani ya ghala la mahindi, kwa kuwa mwili wake ulipenya mlangoni bila shida. Cucu alisimama nje akitoa amri kwa sauti ya jemadari: "Chota juu! Chini usiguse! Hayo ya chini ni ya mwaka wa njaa!" Na kweli, mwaka mmoja mvua ilipokataa kunyesha, mahindi ya chini ndiyo yaliyowavusha. Ghala lile halikuwapo tena. Lilibomolewa watu walipohamishiwa kijijini, na Kingori hakuwa na uwezo wa kulijenga upya. Lakini kila alipoiacha safu ya chini bila kuigusa, alijiona kama bado yuko mle ndani gizani, akimtii cucu.

Jumatano iliyofuata Mwalimu Kefa Wandera, msimamizi wa bustani na duka, aliwaita wavulana wawili hao. Alikuwa mtu mrefu kutoka Samia, asiyepaza sauti kwa sababu hakuwa na haja ya kuipaza.

"Jumamosi Sista Nduku wa hospitali atakuja kulikagua duka letu," alisema. "Akiridhika, mboga zetu zitapikiwa watoto waliolazwa. Asiporidhika, Mwalimu Mkuu amekwisha kusema neno lake. Amechoshwa na harufu iliyoko langoni. Dirisha litapigiliwa misumari, na pale bustanini tutapanda majani ya ng'ombe. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu," walijibu pamoja, lakini Kingori alimwaza cucu. Dirisha likipigiliwa misumari, salamu za cucu zingepitia wapi?

Siku ya pili yake taabu nyingine ikabisha hodi. Wanajeshi walikuwa wakifanya msako kando ya mto, na amri ikatolewa kwamba mtu yeyote asiende bustanini mpaka watakapoondoka. Wavulana walinung'unika. Mpishi alikuna kichwa. Kingori peke yake ndiye aliyetabasamu. Siku mbaya ilikuwa imefika, nayo ilimkuta amejiandaa.

"Njoo uone faida ya akiba," alimwambia Theuri, akafungua duka kwa madaha.

Waliondoa mboga za juu, zikiwa bado nzuri. Wakaondoa za katikati, ambazo zilikuwa zimeanza kunyauka pembeni. Kisha Kingori akaingiza mikono yote miwili chini kabisa ili ainue kabichi ya kwanza ya akiba. Vidole vyake vilizama. Alichoinua hakikuwa kabichi tena bali uji mweusi uliomchuruzika hadi kwenye viwiko, na harufu iliyoruka humo ikawafukuza wote wawili nje wakikohoa. Karoti zilikuwa zimelegea kama kamba za viatu. Nyanya zilizobaki zilikuwa maganda tu.

"Beberu tumempata," alisema Theuri, akijifuta machozi.

Kingori hakucheka.

Theuri alipoona uso wa rafiki yake, aliuacha mzaha. "Sikiza. Tuko na leo na kesho. Tumenye haya majani ya nje mpaka tufike peupe. Tunyunyize maji, zing'ae. Halafu tuweke zile nzuri juu. Sista ataangalia za juu, kama watu wote."

Kingori alichukua kisu. Aliitafuta kabichi iliyoonekana imara, akaanza kuimenya. Jani baada ya jani lilianguka, na kabichi ikapungua ikawa kama ngumi, na bado katikati palikuwa na doa jeusi.  Angeweza kuligeuzia chini, na hakuna ambaye angeliona mpaka sufuria ya hospitali. Akamfikiria mtoto mgonjwa akiketishwa kitandani na kulishwa doa hilo kwa kijiko, huku akiambiwa limetoka shule nzuri.

Aliweka kisu chini, akaenda kumtafuta Mwalimu Kefa.

Mwalimu alimsikiliza bila kumkatiza. Alifuatana naye mpaka dukani, alikokuwa Theuri, akainama, akaangalia, akainuka.

"Ni nani aliyekufundisha kupanga hivi?"

"Ni mimi mwenyewe, Mwalimu." Kingori alionyesha safu ya chini. "Nilifuata kanuni ya cucu. Katika ghala letu, cha chini hakiguswi." Akaeleza habari yote, pamoja na mwaka wa njaa na siku ghala lilipobomolewa. 

Mwalimu Kefa hakucheka. "Kwetu pia lilikuwapo ghala," alisema, "na mama yangu alisema vivyo hivyo. Mahindi makavu hungoja. Sasa nijibu vizuri. Jioni cucu alipochuma mboga shambani, alizitia ghalani?"

"Hapana, Mwalimu. Alizipika jioni ile ile."

"Na mkungu wa ndizi ulipoanza kuiva?"

Kingori alifikiri. Akaona mkungu umening'inia jikoni mwa cucu, na mkono wa cucu ukipita polepole, ukibonyeza ndizi moja moja. "Alitafuta iliyotangulia kuiva, ndiyo tuliyoila kwanza. Ukichukua ya kijani kabla ya hiyo, alikupiga kofi la mkono."

"Basi cucu alikuwa na kanuni mbili, nawe ukamtii nusu," alisema Mwalimu. "Kanuni ya vikavu uliishika. Ya vibichi ukaisahau. Sasa niambieni, asubuhi wakati wa uji, ni nani anayepewa kwanza?"

"Aliyetangulia kwenye foleni, Mwalimu."

"Na aliyechelewa akirukia mbele?"

Theuri, aliyewahi kulipia kosa hilo kwa kusafisha vyoo, alijibu kwa unyenyekevu mkubwa: "Anarudishwa nyuma kabisa, Mwalimu."

"Vizuri. Wekeni kabichi kwenye foleni."

Kazi ilianza pale pale. Vilivyooza vilizikwa kwenye shimo la mbolea. Vilivyokaribia kuharibika vilikwenda jikoni, na mpishi akavigeuza mchuzi mchana huo huo. Rafu zilisuguliwa kwa maji moto na sabuni mpaka zikarudia rangi ya mbao. Kisha Kingori akapata wazo lake mwenyewe. Aliomba nyundo, akang'oa ubao mmoja wa ukuta wa nyuma, akaufungia bawaba za ngozi. Tangu hapo mboga mpya zingeingia kwa mlango huo mdogo wa nyuma, na kuzisukuma zilizotangulia kuelekea dirishani. Hakuna mboga ambayo ingeipita iliyotangulia.

Ijumaa jioni msako ulikwisha, wakaruhusiwa kuvuna kidogo. Hata hivyo Jumamosi ilipofika duka lilikuwa nusu tupu. Kingori alisimama mlangoni akiwa amenyoosha mgongo, lakini mkono wake haukuuachia ufunguo kifuani.

Sista Nduku alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sare nyeupe isiyo na kikunjo. Hakuitazama hata kidogo kabichi iliyokuwa mbele. Alikunja mkono wa vazi lake, akautia moja kwa moja nyuma kabisa ya rafu ya chini.

"Mimi huanzia hapa," alisema. "Wenye maduka wote huficha aibu zao mahali hapa."

Akavuta kabichi. Ilikuwa na umande. Akaigeuza, akalivunja jani likalia, akaingiza mkono tena, akatoa karoti yenye udongo wa asubuhi ile. Nyusi zake zikapanda.

"Nyuma ndiko mpya ziliko?"

"Ndiyo, Sista. Zilizotangulia ziko mbele, ndizo zinazouzwa kwanza."

"Na mbona duka ni tupu hivi?"

Theuri alitazama dari. Kingori alitazama mbele. "Nyingine zilioza, Sista. Zilikuwa chini ya ulinzi wangu. Mimi ndiye niliyeziozesha."

Sista alimgeukia Mwalimu Kefa. "Duka lililojaa nimeliona mara nyingi," alisema. "Mwenye duka anayesema ukweli namna hii sijapata kumwona. Tuleteeni mnachokuwa nacho, kila Jumamosi. Kikiwa kidogo, nitapika kidogo."

Hapo ndipo Mama Khavere alipofika na kikapu, akasukuma kichwa dirishani, akanusa. "Ai! Beberu amehama!" Akaona kabichi yenye umande kule nyuma. "Nipatie ile."

"Samahani, Mama. Ile iko mwisho wa foleni. Hii ndiyo zamu yake, na ni nzuri. Ishike uone."

"Ati kabichi iko na foleni? Hata mimi mke wa sajini siwezi kuruka?"

"Hata wewe, Mama."

Alicheka, akaishika, akaigonga kama anayebisha mlango, akaitia kikapuni.

Wageni walipoondoka, Mwalimu Kefa alinyoosha mkono, na Kingori akauvua ufunguo polepole ili aurudishe. Mwalimu aliupima uzito, kisha akamvika tena shingoni.

"Kuweka akiba hakukuwa kosa," alisema. "Kosa lilikuwa kuweka kitu na kuacha kukitazama, ukidhani kwamba kwa kuwa umetii, kazi imekwisha. Kila unachokabidhiwa, kwanza kijue. Kama kinangoja, kiweke. Kama hakingoji, kitumie kwa zamu yake, kila siku. Na ukikosea, fanya kama ulivyofanya: sema mapema, kisha chukua nyundo."

Jumamosi iliyofuata Mama Khavere alileta salamu na kifurushi cha kitambaa kilichofungwa kwa fundo gumu.

"Nilimwambia cucu yako ile maneno yote," alisema. "Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, 'Huyo mtoto alisikia upande moja tu, kwa sababu masikio yake ingine ilikuwa ndani ya mahindi!' Halafu akanipatia hii. Akasema kama unataka kuweka akiba, weka hii."

Kingori alifungua fundo. Ndani mlikuwa na mahindi makavu, meupe, magumu kama mawe ya mtoni. Aliyapandisha kwenye rafu ya juu kabisa, peke yake, mbali na foleni. Kisha akafungua mlango mdogo wa nyuma, kwa maana wavulana walikuwa wakipanda kutoka bustanini na vikapu, na mboga za mbele zilikuwa zikingoja wanunuzi.